Ufunguo wa Chumba cha Seva

Wivu si ugonjwa wa wanawake peke yao, msidanganywe. Mimi ulinishika nikiwa mwanamume mzima na ndevu zangu, hapa Voi, miaka ya tisini ikielekea kuisha, kwa sababu ya msichana mmoja na CD yake.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika nyumba ya wageni. Programu ya kubuku vyumba niliiandika mimi, kwa mikono hii. Ofisi yetu ya Taveta ilikuwa ikiunganisha modemu, inafungua ukurasa, inaandikisha mgeni, na seva iliyokuwa Voi inatunza kila kitu. Ufunguo wa chumba cha seva niliuvaa shingoni. Tajiri wetu, mwenye nyumba hiyo, alipenda kuwaonyesha watu: "Huyu mtoto wa Mbololo ndiye kichwa chetu." Mbona nisivimbe?

Kisha akaja yeye, binti wa familia ya Kiislamu yenye duka hapa hapa mjini, ametoka kusoma kompyuta Mombasa, tajiri amemwajiri kwetu. Hata hajazoea kiti, akamwambia tajiri mbele yangu: "Programu ya kaka ni nzuri, Mzee. Lakini imejaribiwa na nani?" Alitaka kuweka kwenye seva, kutoka CD aliyokuja nayo, programu ya kuijaribu programu yangu: ijifanye mgeni, iombe chumba, iangalie seva imejibu nini. Programu ya kupima programu! Tajiri akasema haya, aweke, na atakayeonekana anaijua mashine zaidi ndiye atakayeshika ufunguo.

Akaketi kwenye kiti changu. Kiti changu! Ile programu ikakataa kuingia. Ilitaka kipande kingine kwanza, na hicho kikataka kingine, vyote vya kuvutwa kwa laini ya simu iliyokatika kila mtu wa mapokezi alipoinua simu. Sifichi, nilimwombea ashindwe. Stima ilipopotea nilisema asante kimoyomoyo. Yeye hata hakununa. "Haraka ya nini, kaka?" akaniambia, akaanza upya. Alasiri ikakubali. Jaribio la kwanza likapita, la pili likapita, la tatu likagoma: programu yangu ilikuwa imewapa wageni wawili chumba kimoja. Na mimi miaka yote nawalaumu watu wa Taveta! Nilitamani kuivunja ile CD kwa meno.

Asubuhi nikakuta jikoni kunafuka moshi kama kuna harusi. Pilau sufuria kwa sufuria, mbuzi keshachinjwa. Kwetu printa ilikaa jikoni, ikitoa orodha ya wageni alfajiri, na mpishi hakuwa mtu wa kuuliza maswali.

"Karatasi imesema ukoo mzima," akaniambia. "Mgeni Kwanza, Mgeni Pili, Mgeni Tatu, mpaka chini. Nikajua ni ndugu hawa, wanakuja matangani."

Walikuwa wageni wa majaribio, hawakuwako duniani. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Amekwisha huyo! Nikaenda mbio kumwita tajiri.

Tajiri akaja amekunja uso. Msichana alifungua programu yangu, akasoma mahali fulani, kisha akanitazama. Yeye alikuwa ameyaelekeza majaribio yake kwenye nakala ya orodha ya wageni. Lakini mimi nilikuwa nimeandika njia ya orodha halisi ndani ya kila ukurasa, kwa hiyo programu yangu haikumsikiliza, ikawaandika wageni wake wa uongo kwenye orodha halisi. Aliliona hilo. Na mimi nikaona kwamba ameliona.

"Niwie radhi, Mzee," akasema. "Kosa ni langu. Ilinipasa kutazama kwanza."

Hapo ndipo wivu uliponipanda kichwani hasa. Akili yake, subira yake, kiti changu nacho chake, na sasa hata uungwana auchukue yeye? Mimi nibaki na nini?

"Wacha hayo!" nikafoka. "Mzee, anakudanganya. Kosa ni langu, hili hapa, nimeliandika mwenyewe!"

Tajiri akanyoosha mkono. Nikauvua ufunguo shingoni, naye akampa msichana.

Pilau tulikula sote, hata wafanyakazi wa reli wakaitwa. Ilikuwa tamu, nikazidi kukasirika.

Kesho yake nikakuta mlango wa chumba cha seva uko wazi. Yeye amekaa pembeni kwenye stuli, na kiti changu kitupu.

"Karibu, kaka."

Niliketi, nikaanza kuandika jaribio langu mwenyewe, ili kosa linalofuata nilione mimi kabla yake.