Mbuzi wa Nyumba Tano

Subira sikujaliwa, na darasa langu la Garissa lilinikera: leo wanafunzi thelathini, kesho kumi na wanane. Waliokosa walikuwa malishoni. Niligombeza, nikachapa, wapi! Mbuzi hawajui kengele.

Basi nikawapanga watano watano, kwa ujirani. Kila siku mmoja achunge mbuzi wa nyumba zote tano, wanne wasome, jioni wamfundishe mwenzao. Mpango ulikubali. Aliyemfundisha mwenzake alielewa kuliko aliyenisikiliza mimi, nami kichwa kikaanza kunivimba.

Vita sikuvifikiria. Serikali ilikuwa ikipigana na shifta, waliotaka jimbo lijitenge, na askari walishuku chochote kilichozidi, hata kibuyu cha maziwa. Asubuhi moja wakamkuta mwanafunzi wangu wa miaka kumi na miwili na mbuzi zaidi ya sitini, masikio yao yamekatwa alama za nyumba tano. Wakasema anawapelekea shifta nyama. Mama yake ndiye aliyeleta habari. Alisimama mlangoni mwa darasa, hakutoa hata salamu.

Wale wanne wa kundi lake wakanitazama. Nikavaa viatu, nikavivua, nikavaa tena. Mtu wa kuja kama mimi, kuwapangia watoto safari za porini wakati ule, ningeweza kulala ndani. Nikaenda kambi ya askari, alikoshikiliwa mtoto, roho mkononi.

Afisa alimuuliza mtoto mbele yangu, "Nani aliwapa mpango huu?"

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua.

"Tulijipanga wenyewe, afande," mtoto akasema, macho chini. "Maalim hajui kitu."

Afisa akanigeukia. "Ni kweli, mwalimu?"

"Ni kweli," nikasema.

Alichapwa viboko vinne, nami nimesimama palepale, nikitazama vidole vya miguu yake vikichimba mchanga. Niliona aibu, na bado nilifurahi kwamba si mimi. Kisha wakatuachia pamoja na mbuzi.

Njiani alitangulia, akiwapigia mbuzi mluzi. Nilisubiri anilaumu; ningepata nafuu. Tulipoukaribia mji aligeuka, akauliza, "Maalim, leo wamesoma nini?"

Nikamweleza sehemu za namba, nusu na robo, haraka haraka, bila kumtazama usoni. Kila alipoelewa alisema, "Asante, Maalim."