Maji Yaliyoiva Jikoni kwa Mama

Daktari wa meno alimshika mpwa wangu kidevu, akamgeuza kuelekea dirishani, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Huyu anakunywa maji gani?"

Tulikuwa tumetoka nyumbani Kitengela hadi mjini Kajiado kwa sababu ya meno mawili ya mbele. Yalikuwa mapya, meno ya ukubwani, na yalichomoza yakiwa tayari na mistari ya kahawia, kana kwamba mtu aliyachora yangali ndani ya ufizi. Shuleni walishaanza kumwita Majani Chai. Mama yangu, anayemlea tangu azaliwe kwa sababu dada yangu hushinda kazini Nairobi, alikuwa amejaribu chumvi, makaa ya kusaga na kupiga marufuku peremende.

Mama alinyoosha mgongo kitini. "Ya mfereji wa kisima, daktari, lakini nachemsha. Kwangu hakuna mtoto anakunywa maji mbichi."

"Unachemsha mpaka lini?"

"Mpaka iive."

Ilibidi nimweleze daktari maana yake. Mama alikulia Magharibi, na homa ya matumbo ilimchukua mdogo wake wakiwa watoto. Kwake maji hayachemki tu. Akishaivisha ugali huteleka sufuria kubwa juu ya makaa yaliyobaki ili moto usipotee bure, na maji hutokota pale alasiri nzima. Yakipungua anaongeza mengine juu yake. Sisi watu wazima tulichota mapema. Yale yaliyosubiri hadi makaa yakawa majivu, mazito kidogo ulimini, ndiyo aliyoyatia kwenye thamosi ya watoto. Hayo aliyaita maji kamili.

Daktari aliweka chini kioo chake kidogo.

"Mama, kuchemsha kunaua vijidudu, hapo uko sawa kabisa. Lakini maji mengi ya visima vya huku iko na floridi. Ni madini, inatoka kwa mawe chini. Hiyo haifi kwa moto."

"Hata ikikaa sana kwa moto?"

"Hapo ndio inazidi. Mvuke unaenda, yenyewe inabaki. Ukiacha mchuzi ukauke kwa jiko, chumvi inapungua?"

Nilimwona mama akiuonja ule mchuzi akilini, na uso wake ukabadilika rangi.

"Kuna mtoto mwingine nyumbani?"

Yupo. Mdogo wake wa kiume, ambaye hajatimiza mwaka, anayenyonya chupa ya maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya thamosi ileile. Daktari alisema meno ya ukubwani ya mtoto wa umri huo ndiyo kwanza yanatengenezwa, ndani ya ufizi, na kinachoingia sasa hakuna mswaki utakaokitoa. "Ya huyu msichana tutayafunika akishakua. Ya mdogo bado mnaweza kuyaokoa. Lakini muanze leo."

Katika familia yetu mimi ndiye mwenye maswali. Nimebishana na mhubiri kuhusu chupa zake za mafuta ya upako hadi mama akahama kiti kanisani. Nimesoma chuo kikuu, na mambo ya mvuke niliyafundishwa tangu shule ya msingi. Hata hivyo nilikuwa nikiipita ile sufuria kila siku na kuona bibi anayewapenda wajukuu wake. Nilikaa katika chumba cha daktari nikihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba ukuta aliouegemea haupo.

Tulipofika Isinya tukirudi nyumbani, mpwa wangu alijitazama meno kwenye kioo cha dirisha la gari. Kisha akamuuliza bibi yake, "Kukhu, yatatoka mengine?"

"Hapana, mjukuu wangu. Hayo ndio ya mwisho."

"Hata nikiyang'oa?"

Mama alimfunika mdomo kwa kiganja, taratibu, akaangalia nje.

Kabla sijaingia nyumbani nilipitia kwa mwenye nyumba. Kisima kinacholisha mifereji ya ploti yetu ni chake, nacho amekizungushia ua mzuri kuliko wa nyumba yake.

"Mzee, hii maji imewahi kupimwa?"

"Kijana! Imepimwa na watu wa mashine, walikuja na gari mbili."

"Walipima nini?"

"Kama iko ya kutosha. Na iko! Umewahi kufungua mfereji ukakosa?"

Nilimwambia aliyoyasema daktari. Alicheka, akafungua mdomo wazi ili nione vizuri. Meno yake yalikuwa na rangi ya kikombe cha chai kisichosuguliwa miaka mingi.

"Mimi nimezaliwa hapa, baba yangu amezaliwa hapa. Hii ndio meno ya kwetu. Nyinyi mnataka meno ya televisheni?"

Meno hayo nilikuwa nimeyaona kwake, kwa mama anayetuuzia maziwa, kwa nusu ya watu ninaosalimiana nao asubuhi. Nilidhani watu wa huku huzaliwa hivyo. Na wao pia walidhani wamezaliwa hivyo.

Nyumbani nilimkuta mama amesimama katikati ya jikoni. Mtoto alikuwa akilia mikononi mwa dada yangu, aliyechukua ruhusa kazini siku hiyo. Thamosi ilikuwa mezani, imejaa, na hakuna aliyeigusa.

"Enda ulete maji mengine," mama aliniambia. "Ile unaamini."

Nilikimbia hadi duka la maji ya kujaziwa karibu na stendi. Muuzaji alisema yake yamechujwa, floridi yote imetoka. Nilimwomba anionyeshe. Alinionyesha mashine yenye taa ya kijani. Nilimuuliza ile taa inapima nini. "Inaonyesha stima iko," akasema, "kwani unataka kununua maji ama mashine?" Nilinunua maji.

Mama aliupokea mtungi mlangoni. "Hii nani ameipima?"

"Wanasema wanaichuja."

"Sijauliza wanasema nini."

Nilimwambia nitatafuta mahali pa kuyapima kesho, haya na ya mfereji, lakini kwa sasa hatuna mengine. Mtoto alikuwa amelia hadi sauti ikamkauka.

Mama alimimina kiasi kidogo kwenye sufuria ndogo, akawasha gesi, akainama juu yake kama mtu anayelinda maziwa yasifurike. Yalipotoa mapovu makubwa aliyaepua papo hapo. Aliyapoza, akapima unga, akatikisa chupa, akajidondoshea tone mkononi kama anavyofanya siku zote. Kisha hakumwendea mtoto. Alininyooshea mimi chupa.

"Mpe wewe," alisema. "Mkono wangu umeogopa."