Stergios Aliyeiacha Mikono Uswidi

Stergios aliporudi kutoka Uswidi, Kigiriki chake kilikuwa salama salimini, hata lafudhi yetu ya mlimani hakuipoteza. Alichopoteza ni mikono. Alikaa kwenye meza ya dirishani, hapa mkahawani kwangu, viganja vimelala juu ya mapaja, akatusimulia kifo cha mkewe mwanzo hadi mwisho bila kunyanyua hata kidole. Wazee walimkodolea macho mpaka wakachoka. Alipotoka, Kleanthis mwenye mbuzi akasema yule si mtu, ni taarifa ya habari. Wote walicheka, na mimi nikacheka, maana ilikuwa kweli.

Nilisoma naye darasa moja, na utotoni huyu alikuwa anaongea kwa mwili mzima mpaka anamwaga wino wa wenzake. Kisha akaenda kufanya kazi kiwandani kwenye ile baridi, na mnyapara akamwambia aache kurusharusha mikono, watu wanadhani anataka kuwapiga. Basi akaitia mfukoni. Akaoa huko, akazaa huko, akaja likizo miaka ya mwanzo, halafu kimya. Amerudi mjane, ana kipara na ndevu nyeupe, na amerudi kwa jambo moja tu: mama yake, Garufalia, amwite kwa jina lake kabla hajafa.

Sasa huyo Garufalia mimi ndiye niliyekuwa nampelekea supu ya maharage tangu alipoacha kuwasha jiko, kwa hiyo msinibishie. Masikio yalishaziba kabisa. Akili ilikuwa inaingia na kutoka. Yalibaki macho, na kwa macho hayo alizungumza na kijiji kizima kutoka kibarazani kwake. Ukipita ukamzungushia kiganja, yaani vipi hali, atakujibu. Ukimwashiria kama ameshakula, atanyanyua nyusi, kichwa kitarudi nyuma kidogo, na ulimi utafyonza: hapana, sijala, na wewe umechelewa. Lakini mtu wa kumchezeshea midomo tu, kwake huyo hayupo.

Basi mwanawe akawa anashinda mbele yake akisema, "Mama, ni mimi," na mama anamtazama kwa zile adabu tunazowawekea wageni. Alimkaribisha matunda ya cheri yaliyopikwa kwa sukari kwenye kisahani, kama anavyomkaribisha daktari. Stergios alimwonyesha picha yake ya ujanani, na mama akaibusu, akairudisha, akamshukuru kwa kumletea. Kisha akamwuliza, kwa sauti kubwa ya viziwi, barabara nzima ikasikia:

"Bwana, huko unakotoka hujakutana na mwanangu? Kijana mrefu, nywele nyeusi. Mwambie aje, nimemkumbuka sana."

Stergios alikuja mkahawani akalia mbele za watu. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani, labda Uswidi yote. Nikampa tsipuro, pombe yetu kali ya zabibu, na nikampa vidonge vyake: mama kiziwi anaongeleshwa kwa macho yake, si kwa masikio, na wewe unakaa pale umenyooka kama nguzo ya umeme, atakujuaje? Nikamwambia kuanzia kesho afunge mdomo, aje nimfundishe kusema.

Kazi ilikuwepo, acheni tu. Nikimuuliza kama anataka kahawa nyingine, anatupa kichwa juu na chini kwa nguvu, mimi naona kile cha juu, ambacho kwetu ni hapana, nakiondoa kikombe, yeye ananitolea macho. Akikataa, anatikisa kichwa huku na huku kama mbwa aliyetoka mtoni. Siku moja aliagiza glasi tano kwa kunyoosha vidole vitano, kiganja wazi, usoni kwa Kleanthis. Kwetu kufanya hivyo ni kumpaka mtu uchafu pamoja na ukoo wake. Kleanthis alisimama mpaka kiti kikaanguka, na nikapata kazi ya kumtuliza kwa hizo hizo glasi tano. "Kiganja kikutazame wewe," nilimwambia Stergios. "Wewe, si jirani yako."

Alijitahidi, maskini, lakini alikuwa ananiiga mimi, na mikono ya mwanamke wa mkahawa haikumkaa. Ilibidi aachwe. Akaacha kuja, akashinda nyuma ya nyumba akipasua kuni, na huko ndiko mambo yalikofunguka. Nilipita na sufuria nikamwona anaongea peke yake na shoka, amekasirika, na mkono wake wa kulia unakata hewa upande upande, ule wa kusema subiri, utakiona. Ulikuwa mkono wa Lazaros, marehemu baba yake, aliyekuwa mwashi, aliyekuwa haongei mpaka alazimishwe. Nilimwambia asiuache ule mkono, aufuate. Tulifurahi kama wajinga, na hakuna kati yetu aliyefikiria mbele.

Jumapili, baada ya kanisa, alisimama kwenye lango la mama yake, kimya, kofia imesukumwa kisogoni. Mimi nilikuwa nyuma yake na supu. Akazungusha kiganja, vipi? Garufalia akainua uso. Stergios akashusha kidole na gumba kwenye mashavu yake mpaka kidevuni, umependeza leo, na yule bibi akacheka, akaficha mapengo yake, akavuta kitambaa mbele ya paji la uso. Miaka yote ile ya supu sijawahi kuona kicheko kile. Akamwita kwa kiganja kilichotazama chini, vidole vikipapasa hewa.

Stergios akakaa kando yake. Mama akamshika mkono, akamrekebisha kola ya shati, akamtazama kwa muda mrefu, na sisi wawili tukangoja jina.

"Lazaros," alisema. "Umechelewa sana."

Stergios alinigeukia. Mkono wake ulikuwa umeshapanda kifuani, umefika pale mtu anapojionyesha mwenyewe, na nilijua safari hii angeeleweka, mikono ilikuwa imerudi yote. Lakini Garufalia hakumsubiri.

"Umetoka mjini, wewe unajua," alisema. "Kijana atakuja? Niambie kweli, Lazaros, usinifiche. Nimechoka kuangalia barabara."

Mkono ulibaki pale kifuani. Nilitamani ajionyeshe, nilitamani kupiga kelele mimi, ingawa asingesikia. Kisha akaushusha mkono polepole, akaulaza juu ya mkono wa mama yake, akainamisha kichwa upande kidogo, akafumba macho mara moja, ile "ndiyo" yetu ya kimya, bila kosa lolote.

Garufalia akavuta pumzi. Akatazama juu ya bega la mwanawe, kuelekea kwenye kona ya barabara.

"Basi sogea," alisema. "Umenizibia barabara."

Stergios akasogea.