Kanzu ya Marehemu na Mtandao wa Makaburini

Jamani, chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshalia nikamaliza, na pale kijijini kwetu Kiongoroni mpaka leo nikipita watoto wananiita Mama Mtandao, nami naitika, nitafanyaje? Aibu niliyoipata siku ile haitoki hata kwa sabuni ya mche.

Chanzo ni ukaidi wangu. Mwanangu Zuhura alipomaliza kidato cha sita tulikwenda naye Kibiti kumwombea chuo, kwenye stesheneri ya mzee mmoja wa Kihindi, mtu mpole, anaandika huku anakunywa chai. Alipofika pahala pa namba ya simu akasema, "Dada, hapa tuweke namba ya mtoto mwenyewe. Chuo kikimkubali, namba ya siri ya kuthibitisha itaingia hapo."

"Andika yangu," nikasema.

"Mama, mimi si nina simu?" Zuhura akaninong'oneza.

"Nimesema yangu!"

(Mniwie radhi. Baba yake alifariki miaka mitatu nyuma, mashine ya boti aliyoniachia nimeiuza ili huyu asome, silali nawaza ada, chakula, pa kulala, sasa nimwachie mtoto wa miaka kumi na tisa namba ya maisha yake akaipoteze?) Yule mzee akanitazama, akaandika yangu. Zuhura nikamwacha kwa shangazi yake hapo Kibiti, mimi nikarudi zangu deltani kwenye kazi yangu ya kukausha kamba.

Nilichosahau ni kwamba kijijini kwetu mtandao haushiki. Unashika makaburini tu, kule mwisho penye mikoko, na mwanamke kwetu haendi makaburini. Akionekana kule peke yake wanamwita mwanga, yaani mchawi anayecheza juu ya makaburi, na jina hilo likikuganda hakuna atakayenunua hata kamba mmoja kwako. Sisi wanawake tukiwa na shida ya simu tunawapa wanaume waende nazo.

Wiki kadhaa baadaye, jioni, nahodha wa boti akaniletea salamu za Zuhura: majina yametoka, chuo kimempokea, ila mwisho wa kuthibitisha ni kesho saa nne asubuhi, mama tafuta hiyo namba unipigie. Na boti haitoki mpaka maji yajae, kesho mchana! Moyo ulinipasuka. Bila ile namba nafasi inakwenda kwa mtoto wa mtu mwingine, na mkopo wa serikali nao basi tena, na mimi mama yake ndiye niliyemfungia mlango. Kumpa mwanaume simu nikaogopa, maana kijicho kipo, na namba ya siri ni siri.

Basi nikapata akili (akili gani hiyo!). Nikatoa sandukuni kanzu ya marehemu mume wangu na kofia yake, nikasema asubuhi kuna ukungu, atakayeniona kwa mbali atadhani ni mwanaume kaenda kuwaombea wazee wake dua. Kilichonitoka kichwani ni kwamba kanzu ile kijiji kizima kinaijua, ina kiraka cha buluu begani nilichokishona mwenyewe.

Alfajiri, watu walipotoka msikitini, nikapita mlango wa nyuma. Ukungu ulikuwa mzito, hatua ishirini mbele sioni kitu. Kadiri nilivyokwenda sauti za kijiji zikapungua, jogoo, watoto, mchi, mara kimya kabisa, nasikia maji tu yanavyonyonywa kwenye mizizi ya mikoko, na kaa waliokuwa wakikimbia juu ya tope wote wakasimama. Nikainua simu huku na huku, hakuna kitu, nikasogea, hakuna, nikasogea tena, mpaka ikalia ghafla mkononi nikaruka, na nilipotazama chini nikajikuta nimesimama kichwani kwa kaburi la mume wangu.

Ujumbe ulikuwa umeingia. Nikapiga.

"Zuhura!" nikaita. "Zuhura, unanisikia? Zuhura!" (Sauti yangu mnaijua ilivyo nzito.) "Haya, andika. Saba. Mbili. Tisa. Tisa tena..."

Kila nikitaja namba nasikia kama kuna mtu nyuma yangu anaitaja pia, chini chini, kama anayejisomea. Nikanyamaza, naye akanyamaza. Nikataka kugeuka, shingo ikakataa. Hapo ndipo likaja yowe kutoka upande wa msikiti.

"Ni yeye! Kanzu ile ile! Anamwita mwanawe!"

Kumbe Maalimu wa msikiti na wanaume kama sita walikuwa wamebaki wanasoma, wakasikia sauti inaita Zuhura na kuhesabu huko makaburini, wakaja, Maalimu anasoma Ayatul Kursi huku anatetemeka, mmoja kashika jembe. Nikapiga kelele, nikakimbia, kanzu ikanifunga miguu, nikaanguka kifudifudi topeni, kofia kule, na dera langu la maua likatokeza chini ya kanzu.

"Mama Zuhura?" Maalimu akauliza. "Ni wewe?"

"Ni mie, Maalimu. Natafuta mtandao."

Hakuna aliyecheka. Wakanipeleka mpaka barazani, tope linanidondoka, watu wamejaa, nikaulizwa mbele ya kadamnasi kama mimi ni mwanga, nikaapa, nikalia, nikaeleza chuo, mkopo, namba. Simu yenyewe, ambayo ndiyo ushahidi wangu, ilizimika chaji pale pale nilipoanguka. Maalimu ndiye aliyeniokoa. "Mwacheni," akasema. "Huyu hana uchawi, ana mtoto anayetaka kusoma." Wakaanza kucheka sasa, na hawajamaliza. Mimi cheko nilitoe wapi? Saa nne ilipita nimekaa chini sakafuni, nimemtajia mwanangu namba nne kati ya sita.

Mchana nikapanda boti, nikashuka nikachukua bodaboda, Kibiti nikafika jioni najipanga namna ya kumwomba mtoto msamaha. Zuhura akaja mbio akanirukia.

"Mama, nimethibitisha!"

"Umethibitishaje? Mimi nilikutajia nne tu."

"Ulitaja nne, ukapiga kelele, kukawa kimya, halafu yule baba akamalizia. Tano, sifuri. Taratibu, tena akarudia ili nisikosee. Nani yule, mama? Ulimshukuru lakini?"

Nikaomba chaji. Simu ilipowaka nikafungua ujumbe: za mwisho ni tano na sifuri. Wale wanaume nimewauliza baadaye, mmoja mmoja, kila mtu anaapa hakuigusa simu, na ninawaamini, maana waliponiinua topeni ilikuwa bado ndani ya kiganja changu, imezimika.

Zuhura nilimwambia ni mtu wa pale pale kijijini, na sikumdanganya. Mdogo wake yuko kidato cha tatu, zamu yake ikifika namba itaandikwa yake mwenyewe, nimeapa, sitii neno, na kanzu ya mtu sivai tena. Ila kila Alhamisi jioni nampelekea Maalimu ubani na sukari, aende kule mwisho amsomee marehemu Yasini kwa niaba yangu, naye anapokea, haniulizi kitu.