Kugeuza Antene ya Iga Barrière

Bwana yangu Fiacre ni mutu wa maneno kidogo. Ukimuuliza kama amelala muzuri, anafikiri kwanza. Lakini umuulize juu ya antene, eeh, utajua weye mwenyewe, chai itapoa mukononi. Mimi Elodie niliolewa naye nikijua, basi siwezi kulalamika. Ninalalamika tu kila siku.

Mwenye alimuleta kwetu Rwambuzi, hapa Bunia, ni Blanchard, mudogo yangu wa tumbo moja. Walikuwa wanasoma informatique pamoja, mambo ya ordinateri, hizi kompyuta. Walikula fufu yetu yote, kisha wakamuomba mama nafasi ya antene juu ya mabati. Kampuni yao ilianzia pale, juu ya nyumba ya mama yangu, na ruta moja ya okazyo, kisanduku cha mitumba cha kugawa internet, yenye ilitoka Kampala ikiwa imefungwa ndani ya kitenge. Majirani walicheka: vijana wawili na digrii zao, wako juu ya nyumba kama paka! Lakini siku ile masista wenye wanatibia watu mu dispensaire ya ngambo ya barabara walifungua ordinateri yao na rezo ya internet ikapita kutoka kwetu, Blanchard aliruka mpaka bati ikapasuka. Mama aliwafukuza na mufagio.

Ndiyo wakafungua duka. Mupaka-rangi aliandika juu ya mulango FIBLA, Fiacre na Blanchard. Waliuza ruta, antene, kable kwa metre, na mutu akitaka rezo mu biro ya kazi ao mu masomo ya watoto, walienda kumutengenezea, mpaka Gety, mpaka Mahagi. Blanchard njo alikuwa anasemesha wateja, yeye anasemesha hata mbuzi. Fiacre alikuwa anapanda pilone, ile minara ya antene. Nilizoea kuwasikia wanabishana na kucheka siku muzima, na mimi niliona hiyo ni furaha.

Kisha visahani vya satelite vikakuja, vile mutu anaweka mwenyewe juu ya nyumba na mambo inaisha. Wateja wakapunguka. Blanchard akasema: tuuze visahani. Fiacre akasema: siye tunajenga rezo, siye si wachuuzi wa sahani. Mbele ya watu, Mungu wangu! Blanchard akamujibu neno yenye sitairudilia hapa. Fiacre akamurudishia ya mubaya zaidi. Mudogo yangu akabeba vyombo vyake, akaenda kufungua duka yake Iga Barrière.

Miaka mbili, hakuna mwenye alisemesha mwenzake. Njia ilipita kwangu tu. "Ya Elodie, umuambie shemeji..." "Elodie, umuambie mudogo yako..." Nilikuwa pilone yao! Na Fiacre, mwenye alisema kidogo, akaacha kusema kabisa. Asubuhi mu duka alikuwa anamimina chai mu vikombe viwili, anakumbuka, anakunywa vyote viwili. Niliona na nikanyamaza. Mimi, kunyamaza!

Halafu Blanchard akanipigia: amepata kazi Kampala, anasafiri siku ya Yenga, watu wakienda kanisa. "Umuambie shemeji," akasema, akakata. Nililia, sina haya. Nilijua akienda bila wao kusemezana, atabaki kule hivyo hivyo, na mimi nitazeeka na maumivu hiyo.

Juma ile ile upepo mukali ukageuza antene ya kilima cha Iga Barrière, yenye inapitisha rezo ya maternité, kule wamama wanazalia. Sasa kazi ya kuirudisha, mutu mumoja hawezi. Mumoja anakaa huku Bunia kuangalia namba mu ordinateri, mwingine iko kule juu na spana, anageuza antene kidole kwa kidole, simu kwenye masikio. Namba ikishuka mpaka soixante, sitini, rezo imepona. Na kule Iga, mwenye anajua hiyo kazi ni Blanchard tu.

Nikamupigia. "Kwa maternité tu," akasema. Nikamuambia Fiacre. "Kwa maternité tu," naye akasema. Wajinga wawili.

Nilipanda juu ya nyumba na Fiacre na ordinateri yake, mimi njo nimeshika simu, kwa sababu hakuna mwenye alikubali kumupigia mwenzake. Sauti nikaifungulia tusikie wote.

"Umuambie aanze kushoto," akasema Fiacre.

"Umuambie nimesikia," akasema Blanchard.

Aa, hapana! Nikaweka simu pembeni ya goti ya Fiacre. "Mimi ninashuka. Mukitaka mutu wa kuwasemea, mumutafute sokoni!"

Nikashuka, nikaketi chini ya ngazi. Upepo tu unavuma mu simu. Nikaanza kuomba.

"Kidogo kushoto," Fiacre akasema.

"Hivi?"

"Tena. Hapana, rudisha. Nusu kidole."

"Hivi?"

"Soixante-dix, inashuka. Endelea pole pole. Umejifunga kamba?"

"Nimejifunga."

"Ngumu?"

"Ngumu, shemeji."

Shemeji! Neno ilimutoka yenyewe. Nikajiziba kinywa na kitenge.

"Soixante! Acha, usiguse tena. Kaza."

Nikasikia spana inakaza. Kazi ilikuwa imeisha. Kazi ikiisha, mutu anakata simu. Nikangojea, nikangojea, hakuna mwenye alikata.

"Iko sawa?" akauliza Blanchard.

Fiacre akafunga ordinateri.

"Rezo iko sawa," akasema. "Mimi siko sawa. Weye unaenda."

Kule juu ya kilima, mudogo yangu akaanza kulia, mwanaume muzima na spana mukononi.

"Hujaniambia hata siku moja nibaki," akasema. "Ulimutuma dada kila kitu, lakini hiyo neno hapana."

"Baki, Blanchard."

"Rudilia."

"Baki. Ninakuomba. Baki."

Siku ya Yenga basi ya Kampala ilienda bila yeye.