Upande wa Kushoto wa Ottilia

Mimi Joakim wa Mkumbi nina wivu, wala sifichi. Mke wangu Ottilia, Mama Tadei, akicheka na mwanamume mwingine, ugali haunipiti kooni. Na anayemchekesha kuliko wote ni Hamphrey, muuza usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, anayepanda milimani kwetu na pikipiki kutoka Liuli kila Jumamosi.

Mwaka juzi Ottilia alianza kujifunga kilemba hadi shavuni, hata ndani ya nyumba. Kisha akaniaga kwamba anakwenda Liuli, hospitali.

"Huna homa, hukohoi," nikamwambia. "Huendi."

Aliomba mara tatu, nikakataa mara tatu. Mwaka ukapita. Tulilima ngolo, mashamba yetu ya mashimo, kama kawaida: mimi nikitangulia kufyeka na kupanga majani miraba miraba, yeye akifuata kwa jembe, akichimba shimo katikati na kuyafukia. Siku nzima nampa mgongo, halafu najigamba kwamba namlinda.

Siku moja Hamphrey alinisimamisha njiani. "Shemeji, ule uvimbe chini ya sikio la Mama Tadei sasa umekuwa kama yai, hata kilemba hakiufichi. Nilimwambia zamani aende hospitali. Mbona humpeleki?"

Nilitaka kumpiga. Si kwa sababu ya uvimbe, bali kwa kuwa aliuona kabla yangu.

Nyumbani nikamfungua kilemba. Shavu la kushoto lilikuwa na masizi ya chungu, dawa tunayowapaka watoto wenye matubwitubwi.

"Hauumi, nilidhani utaisha," akasema. "Ningekuonyesha, Baba Tadei, ungeniuliza nani mwingine ameuona."

Ndilo swali nililokuwa nalo mdomoni.

Liuli walituelekeza Dar es Salaam, na huko daktari alisema ni saratani ya tezi ya mate. Ni adimu, na chanzo chake mara nyingi hakijulikani. Ikiwahiwa, wengi huishi miaka mingi. Ya Ottilia ilikuwa imeshakamata mshipa wa fahamu wa uso. Wakakata uvimbe na mshipa pamoja, wakampiga mionzi. Kila baada ya miezi mitatu tunarudi kutazamwa kama imeota tena, nami nasali njia nzima.

Jumamosi iliyopita Hamphrey alileta usipa. "Mama Tadei, umeanza kunenepa," akamtania.

Ottilia akacheka, kwa shavu la kulia tu. La kushoto halicheki tena. Wivu ukanipanda kama zamani, nikasogea haraka karibu naye ili nami nikipate kile kicheko. Nikajikuta nimesimama kushoto kwake.