Niliziba boti ya baba mkwe kama ninavyoziba tenki, mke wangu akapanda na mtoto

Kamwene wakuu.

Hii imenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana ukweni kuna vijana wanashinda humu jukwaani. Mengine nayaacha kama yalivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Mimi ni fundi bodi hapa Makambako. Nanyoosha mabasi yaliyogongwa, natengeneza mageti na matenki ya maji. Kazi naijua, ukiulizia mjini utaelekezwa.

Mke wangu, mama Tumaini, ni wa Ludewa, kule chini ziwani. Kijijini kwao gari haifiki. Unateremka mpaka Lupingu, halafu unapanda boti.

Baba mkwe ana boti ya alumini, ya zamani sana, aliachiwa na mradi mmoja wa samaki ulipokufa. Ndiyo usafiri wa kijiji. Mgonjwa humo, mjamzito humo, maiti humo.

Sasa ikagonga mwamba, ikabonyea na kupasuka upande wa chini. Kule mafundi wa mbao ni wengi, wa alumini hakuna. Mzee akasema, si tuna mkwe fundi? Boti ikavutwa na boti ya mbao mpaka Lupingu, ikapakiwa kwenye Fuso mpaka kwangu.

Wakuu, kazi ya ukweni mnaijua. Huwezi kusema hujawahi kuifanya. Hata wakikuletea ndege unasema iwekeni hapo.

Watu walikuja kuishangaa na makoti yao, wengine wakapiga nayo picha. Nikagonga palipobonyea mpaka pakanyooka. Nikakata kipande cha alumini kilichobaki kwenye bodi ya basi, nikapaka sealant, ile gundi ya kuzuia maji, nikakibana kwa ribiti.

Kiraka nikakiweka kwa ndani. Hapo pashikeni.

Ikaja kazi ya kuijaribu. Ziwa hatuna. Nikaipandisha juu ya matairi, nikafungulia mpira wa maji nikaijaza pomoni. Nikaingia chini yake na kitambaa kikavu, napangusa na kukagua. Hakuna hata tone. Shemeji yangu Osmundi, aliyekuja na boti, akakagua na yeye, akanipa mkono. Nilijisikia raha sana, siwafichi.

Mama Tumaini alikuwa na hamu na mama yake, akaamua kurudi na boti hiyo hiyo. Nikamuuliza kama haogopi.

"Boti aliyotengeneza mume wangu niiogope ya nini?"

Akamfunga Tumaini mgongoni, mtoto ambaye hata kutembea hajaanza, wakaondoka na Fuso. Mpango ulikuwa walale Ludewa mjini, kesho yake wateremke Lupingu na kuvuka.

Hiyo kesho yake asubuhi akaja kwangu mama mmoja wa mgahawa, tenki lake linavuja. Akauliza kwa nini kiraka sikiweki kwa nje, kwenye nafasi. Nikampa jibu ninalowapa wateja wote:

"Mama, kiraka kinakaa kule maji yaliko. Maji yenyewe yanakikandamiza."

Nikabaki na nyundo mkononi.

Boti maji yake yako nje, wakuu.

Mimi niliijaza ndani, maji yakakibana kiraka, lazima isivuje. Ziwani maji yangepita kwenye ufa na kukisukuma kwa nyuma. Hapo kinachoshika ni ribiti tu, na ribiti nilizipiga mbalimbali kwa kuamini sealant. Nilikuwa nimemtengenezea baba mkwe tenki zuri sana, halafu nikampandisha mke wangu na mtoto humo.

Nikapiga simu. Haipatikani. Osmundi haipatikani. Kule ziwani network ni ya kubahatisha, na kijijini kwao mpaka upande mlimani.

Nikafunga mfuko wa vifaa na kipande cha alumini kwenye pikipiki, nikawasha. Yule mama nilimwacha amesimama na tenki lake, hata kumuaga sikumuaga.

Njombe nilikuta ukungu na manyunyu, vidole havishiki breki sawasawa. Kila penye network nasimama, napiga, haipatikani, naondoka. Mama Tumaini kuogelea anajua, amekulia majini. Lakini na mtoto mgongoni? Kila nikifika kwenye swali hilo naongeza mwendo. Mwanaume mzima nilikuwa nalia ndani ya helmet.

Baada ya Ludewa mjini barabara inaanza kuteremka, na kuna mahali ziwa linaonekana lote. Watu husimama pale kupiga picha. Mimi nilisimama natafuta kitu chochote kinachong'aa juu ya maji. Sikuona.

Lupingu nikamkuta mama anaanika usipa, dagaa wa kule. Nikamuuliza boti ya alumini.

"Ile ya bati? Imeondoka kitambo, imejaa watu."

Upepo ulikuwa umeanza. Wenye boti za mbao niliwabembeleza, wakasema mpaka asubuhi. Nikakaa kwenye mchanga. Sala zote nilizofundishwa usharikani tangu kipaimara nilizimaliza, nikaanza upya.

Jua linaelekea kuzama simu ikaita. Ni yeye. Amepanda mlimani kutafuta network.

"Baba Tumaini, tumefika salama. Mbona unalia?"

Nikamuuliza boti ikoje. Akanisimulia. Katikati ya safari maji yalianza kuingia, kiraka kimeachia upande mmoja, kinainuka na kushuka. Watu wakaanza kusimama, boti ikayumba. Yeye akaburuta gunia la viazi alilokuwa anampelekea mama yake, akalilaza juu ya kiraka, akawakalisha wamama wawili juu yake. Maji yakapungua. Wakawa wanayachota na ndoo mpaka wakafika.

"Baba anakushukuru sana," akasema. "Nimemwambia yale maji ni ya mawimbi. Gunia bado liko pale pale, Osmundi analilinda lisiguswe. Njoo."

Asubuhi ziwa lilitulia, nikavuka na boti ya mbao, macho nimeyafumba nusu ya safari. Kuogelea sijui.

Mke wangu alikuwa ameshanitengenezea uongo mzuri. Nilipomwona baba mkwe, na wale wamama wawili nyuma yake, ulinishinda. Nikamweleza yote mbele ya watu. Mzee akageuka kuitazama boti.

"Sasa kinakaa upande upi?"

"Wa nje, baba."

"Haya. Ipindueni."

Nikakitoa kiraka, nikaweka kingine kwa nje, ribiti nimezipanga karibu karibu. Kesho yake kulipokucha tukaisukuma majini. Watu wamejaa ufukweni, hakuna anayesogea, na siwalaumu. Mama Tumaini akaingia wa kwanza. Akakaa pale pale penye kiraka, mtoto mapajani.

"Baba Tumaini, unasubiri nini?"

Nikapanda. Tulizunguka mbali kiasi na kurudi, na mimi sikutazama kitu kingine zaidi ya miguu yake. Ilibaki mikavu.

Nilichojifunza, mafundi wenzangu: usijaribu kazi yako kwa njia iliyo rahisi kwako. Ijaribu kwa upande ule ambao balaa litatokea. Kama huna uwezo huo, sema huna, hata kama ni ukweni. Na mwenye uzoefu wa kuchomelea alumini nyembamba aniambie, maana ribiti siziamini tena.

Ila kuna jingine, ndilo hasa limenifanya niandike.

Mama Tumaini anasema siku ile hakuogopa hata kidogo. Anacheka akisimulia habari za gunia. Lakini Osmundi, wakati ananisindikiza, aliniambia kitu. Kiraka kilipoachia, kabla hajagusa gunia, dada yake alimfungua mtoto mgongoni na kumfunga kwa kanga kwenye dumu tupu la mafuta.

Yeye hajanitamkia, na mimi nimeshindwa kumuuliza. Nikimwona anamfunga mtoto mgongoni asubuhi, natoka nje.

Nimwambie kwamba najua, au ninyamaze kama yeye? Semeni, wakuu. Nasoma zote.